Robert Koch, mtoto wa mtu wa mgodi aliyeonyesha mikrobe ya kifua



Baba yangu mdogo alichimba kasiteriti tangu ujana wake. Alipoanza kukohoa alisema ni vumbi la kazi, litapita. Alipoanza kukonda, familia ikasema amewekewa sumu, na jina la jirani mmoja likatajwa. Mbuzi wawili wakaenda kwa mfumu, kisha wa tatu. Siku alipotema damu ndipo tukampandisha pikipiki kwenda hospitali. Hakumaliza mwezi. Kufika wakati wa mavuno, mjane wake naye akaanza kukohoa. Yeye tulimpeleka mapema. Walipima makohozi, wakamupa vidonge, akameza miezi 6 bila kuruka hata siku moja, na leo iko analima mpunga wake. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule mmoja. Na yule jirani tuliyemsingizia alihama usiku pamoja na watoto wake. Ukoo wetu bado uko na deni kwake.

Kati ya kaburi la baba mdogo na shamba la mjane wake kuna kazi ya watu wengi, lakini aliyefungua njia ni mmoja: munganga Robert Koch wa Ujerumani. Alikufa zamani, mwaka 1910. Ninaandika maisha yake hapa kwa sababu tatu. Alizaliwa katika nyumba ya mtu wa mgodi kama watoto wetu. Alifika kwa miguu yake katika Afrika yetu ya maziwa. Na mambo aliyoyafanya, mazuri na mabaya, bado yako ndani ya vifua vyetu.

Clausthal, mji wa mashimo

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Watu wa kule waliishi kwa kuchimba fedha na risasi tangu miaka mingi sana. Baba yake, Hermann, alikuwa afisa wa migodi. Watoto walikuwa 13 tumboni mwa mama mmoja, Mathilde. Nyumba yenye watoto 13 tunaijua: sahani ni moja, na mwenye kuchelewa hakuti kitu. Koch alipenda kuokota mawe, majani na wadudu, na kuwatazama kwa muda mrefu.

Mwaka 1862 aliingia iniversite ya Göttingen. Alikuta pale mwalimu mmoja, Jakob Henle, aliyekuwa ameandika tangu 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na vitu vyenye uhai, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Wakubwa wengi hawakukubali. Walisema ni hewa mbaya, ni damu ya ukoo, ni umasikini wenyewe. Koch alimaliza masomo mwaka 1866, akaoa Emmy mwaka 1867, wakapata binti mmoja. Alitaka sana kusafiri nchi za mbali, lakini bibi yake alitaka watulie. Wakatulia.

Mwaka 1872, baada ya kutumika kama munganga katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, aliwekwa kuwa munganga wa wilaya ya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Polandi. Alikuwa mbali na iniversite, mbali na vitabu, bila mshahara mkubwa. Mchana alitibu wakulima. Usiku alikaa na mikroskopi aliyoletewa na bibi yake, katika chumba alimopokea wagonjwa, akiwa amekigawa kwa pazia. Nyuma ya pazia palikuwa laboratwari yake yote.

Kule Wollstein kondoo na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kimeta, na wachungaji pamoja nao. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akachovya kijiti kilichochongwa, akakitia kwenye ngozi ya panya. Panya akafa. Damu ya panya huyo akaitia kwa mwingine, na mwingine tena. Kila mara aliona vijiti vilevile chini ya mikroskopi. Kisha alivikuza katika maji ya jicho la ng'ombe na kuona vikigeuka mbegu ngumu, zinazoweza kulala udongoni miaka mingi. Mwaka 1876 alibeba vyombo vyake kwenda Breslau kuwaonyesha maprofesa. Munganga wa porini aliwafundisha watu wa mji mkubwa kazi yao. Tukumbuke hilo kila mtu anapotuambia kwamba elimu haitoki vijijini.

Tarehe 24 Machi 1882

Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin, ikampa wasaidizi. Wakati ule Ulaya ilikuwa inazikwa na kifua kikuu. Ilihesabiwa kwamba katika kila watu 7 wanaokufa, mmoja anakufa kwa kifua. Ilikuwa inaua zaidi watu wa viwanda na wa migodi, wanaolala wengi katika chumba kimoja. Na kila familia ilikuwa na maelezo yake, kama sisi na sumu yetu.

Kwa nini mikrobe hii ilikuwa haijaonekana? Kwa sababu imevaa koti la nta. Rangi zilizozoeleka haziingii ndani yake vizuri. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine, akaacha vipande vya mapafu ndani ya rangi ya buluu saa nyingi, akaongeza rangi ya kahawia juu yake. Ndipo vijiti vyembamba vya buluu vikatokea. Kazi ikabaki kuvikuza. Mikrobe nyingine zinaota kwa siku moja. Hii iko polepole sana, inataka wiki nyingi. Mtu mwenye haraka angetupa vyombo vyake. Koch alingoja. Kisha akazitia mikrobe zile kwa simbilisi wazima, nao wakapata kifua.

Hapa tumtaje pia mama mmoja. Fanny Hesse, bibi wa msaidizi wa Koch, alijua kutokana na jikoni lake kwamba agari, kitu kinachotoka kwenye majani ya bahari, inagandisha chakula bila kuyeyuka kwa joto. Agari hiyo ndiyo laboratwari zote za dunia zinakuzia mikrobe mpaka leo. Mume wake, Walther Hesse, alikuwa ameandika mwaka 1879, pamoja na mwenzake, juu ya kansa ya mapafu iliyokuwa inaua wachimbaji wa Schneeberg. Mapafu ya mchimbaji yako katika historia hii tangu mwanzo.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya waganga wa Berlin katika chumba kidogo, akaweka mikroskopi zake mezani na kueleza kazi yake hatua kwa hatua. Hakuwa msemaji mzuri. Alipomaliza, watu walikaa kimya, hakuna aliyekuwa na la kupinga, wakaanza kusogelea meza mmoja mmoja wakaangalie. Ni sababu ya siku ile kwamba kila tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu duniani. Munganga Paul Ehrlich aliyekuwa pale akaboresha rangi, wengine wakaendelea, na njia ya kupima makohozi kwa mikroskopi katika vituo vyetu vya afya imetokana na jioni ile.

Dawa ya siri

Mpaka hapa ni shujaa. Sasa tuseme na mengine, maana sisi wa sendika hatupendi mkubwa asiyehesabiwa makosa yake.

Kujua mikrobe si kuiua. Mwaka 1890 Koch alitangaza mbele ya mkutano mkubwa wa waganga kule Berlin kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Wagonjwa walikimbilia Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakakodi vyumba vya kufia. Lakini Koch alificha dawa imetengenezwa na nini. Ilipokuja kujulikana, ilikuwa ni maji ya mikrobe zenyewe yaliyopikwa na gliserini, yaliyoitwa tuberkulini. Haikuponya. Wagonjwa wengi walizidiwa na homa, wengine wakafa. Mwaka 1891 sifa zake zilishuka kama jiwe ndani ya shimo. Tuberkulini yenyewe ilibaki na kazi nyingine: kuitia chini ya ngozi ili kujua kama mtu ameshakutana na mikrobe.

Mtu aliyengoja wiki nyingi mikrobe iote hakungoja kuhakikisha dawa. Alisukumwa na serikali iliyotaka sifa, akasukumwa na jina lake mwenyewe. Somo ni hili: dawa ambayo mwenye kuiuza anakataa kusema ndani yake kuna nini, uiogope, hata kama anayeiuza ni profesa. Na wauzaji wa chupa za namna ile hawajaisha katika masoko ya machimbo yetu.

Koch katika Afrika

Mwaka 1896 aliitwa Kimberley, mji wa almasi wa Afrika ya Kusini, kwa sababu ya tauni iliyokuwa inamaliza ng'ombe. Kutoka pale alizunguka. Alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Mwaka 1905 alikuwa tena katika Afrika ya Mashariki, na mwaka huohuo alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, katika ziwa Victoria upande wa Uganda. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa umeua watu maelfu kwa maelfu kandokando ya ziwa. Sisi watu wa Maniema tunaujua ugonjwa ule na inzi wake. Koch alijenga kambi, wagonjwa wakaja kwa mitumbwi, akawachoma sindano za Atoxyl, dawa yenye arseniki. Mwanzo walipata nafuu. Ugonjwa ulipowarudia, akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka, na macho hayakurudi. Ndipo akarudisha kipimo chini. Tena alishauri wagonjwa wakusanywe na kufungiwa makambini, mbali na watu wao. Wagonjwa wale hawakuulizwa kitu. Majina yao hayakuandikwa kwenye zawadi yoyote. Atoxyl ilitumika pia katika Kongo ya Wabelgiji.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi yake ya Berlin. Alikufa bila kuona dawa ya mikrobe aliyoionyesha.

Chuma ndani ya mikrobe

Dawa ilikuja baadaye, na namna inavyofanya kazi ni jambo ambalo mchimbaji anaweza kulielewa kuliko watu wengi, sababu ni habari ya chuma, ya kristali na ya njia nyembamba.

Mikrobe ikiingia ndani ya pafu, askari wa mwili wanaimeza na kuimwagia sumu yao. Moja ya sumu hizo ni maji ya oksijeni. Mnayajua: ni ile dawa ya kuoshea kidonda inayotoka povu jeupe. Povu lile linatoka sababu katika damu kuna enzimu, yaani kifaa kidogo sana cha mwili, kinachovunja maji ya oksijeni. Katikati ya kifaa hicho kuna hemu. Hemu ni kama pete bapa, na katikati ya pete kuna chembe moja ya chuma. Hemu hiyohiyo ndiyo inafanya damu yetu iwe nyekundu na ibebe hewa.

Mikrobe ya Koch nayo iko na enzimu yake yenye hemu. Wataalamu wanaiita KatG. Ni ngao yake. Askari akimwaga maji ya oksijeni, chuma cha KatG kinayavunja, na mikrobe inaendelea kuishi.

Mwaka 1952 ilijulikana kwamba dawa moja, isoniazidi, inaua mikrobe ya kifua vizuri sana. Ilikuwa imetengenezwa tangu 1912 kule Prague, ikakaa kwenye rafu miaka 40 bila mtu kujua nguvu yake. Imo katika vidonge alivyomeza mjane wa baba mdogo. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua inaua namna gani. Mwaka 1992 wataalamu wa London na wa Taasisi ya Pasteur ya Paris walionyesha jambo la ajabu: isoniazidi peke yake ni kama baruti isiyo na utambi. Inaingia ndani ya mikrobe, inafika kwenye KatG, na ni KatG yenyewe inayoiwasha. Ikisha kuwashwa, inazuia mikrobe kutengeneza nta ya koti lake. Koti lile lile lililomsumbua Koch na rangi zake. Bila koti, mikrobe inakufa. Basi mikrobe inauawa kwa ngao yake yenyewe.

Mwaka 2004 wataalamu walichapisha umbo la KatG ya mikrobe ya kifua. Walifanyaje? Sisi tunajua kristali: jiwe la quartz lenye pande zake zilizonyooka kama limechongwa, wakati halikuchongwa na mtu. Liko vile sababu chembe zake zimejipanga mistari kwa mistari. Enzimu pia inaweza kubembelezwa ijipange hivyo mpaka igande kuwa kristali ndogo. Halafu wanaipiga kwa mionzi kama ile ya radio ya hospitali, na kwa jinsi mionzi inavyotawanyika wanahesabu kila chembe iko wapi. Walikuta KatG ni vipande viwili vinavyofanana, vimeshikana. Ndani kabisa ya kila kipande kuna hemu na chuma chake, na kuifikia kuna njia moja nyembamba, kama galeri inayoshuka kwenye mshipa wa madini.

Mlangoni mwa hemu, kwenye njia hiyo, kuna pahali panaitwa namba 315. Katika mikrobe nyingi zinazoishinda isoniazidi, kipande kilicho pale kimebadilika kuwa kinene kidogo. Ni kidogo sana, lakini kinatosha. Ni kama jiwe lililochomoza kwenye galeri: maji yanapita, lakini mtu mwenye mfuko mgongoni hapiti. Maji ya oksijeni ni madogo, yanafika kwenye chuma na kuvunjwa. Isoniazidi ni kubwa, haifiki vizuri, haiwashwi. Mikrobe imebaki na ngao, na sisi tumepoteza silaha.

Miezi 6, si miwili

Mikrobe zenye jiwe kwenye njia zinatoka wapi? Katika kifua kimoja kuna mikrobe mamilioni, na chache kati yao zimezaliwa hivyo. Mtu akimeza dawa zote pamoja kwa muda wote, ile inayoikwepa isoniazidi inauawa na nyingine. Ndiyo sababu tunapewa dawa 4 kwa miezi 2, halafu 2 kwa miezi 4. Mtu akiacha mwezi wa pili sababu amenenepa na kikohozi kimetulia, au akirukaruka siku, au akigawana vidonge na ndugu yake, zile ngumu zinabaki, zinazaa, na anazikohoa usoni mwa watoto wake.

Tujue pia kwamba miezi 6 si amri iliyotoka Ulaya tu. Zamani matibabu yalikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Ni katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia kwamba wagonjwa, pamoja na waganga wa Kiafrika na Waingereza, walijaribu dawa za miezi 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Jirani zetu walimeza kwa ajili ya dunia nzima.

Sisi tuko na mzigo wa ziada. Vumbi la quartz linaua wale askari wa mapafu wanaopigana na mikrobe. Mwenye mapafu ya vumbi anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mkulima. Kwa hiyo, kutoka Kasongo hadi Kabambare, kwenye kasiteriti na kwenye dhahabu ya Namoya na Salamabila, madai yetu ni haya: maji yamwagwe pahali pa kutoboa jiwe, hewa iingie ndani ya mashimo, watu wasirundikane kulala kibanda kimoja kilichofungwa, na mgonjwa asifukuzwe. Niliona mwenzetu mmoja akileta karatasi ya hospitali kwa mkubwa wake, na kesho yake nafasi yake ikapewa mwingine. Wiki ileile watu wawili waliokuwa wanakohoa walificha kikohozi chao. Anayefukuza mgonjwa anapanda ugonjwa.

Na sisi wenyewe tufanye ya kwetu. Kikohozi kikipita wiki 2, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure katika nchi yetu, anayekuuzia anakuibia. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa usishtuke, ni kidonge kimoja kinafanya hivyo, si damu. Watoto wadogo wa nyumba ya mgonjwa wapelekwe nao wakaangaliwe.

Mwezi jana tulipata habari kwamba yule jirani tuliyemsingizia yuko hai, upande wa Kabambare. Wazee wa ukoo wamekubali twende na mbuzi mmoja, si kwa mfumu safari hii, bali kwake, tuombe radhi. Mjane wa baba mdogo ndiye atakayetangulia kusema.